Naombeni ushauri: wageni wanne wameingia studio, kila mmoja kasema lake

Kamba_na_Mkaa (mleta uzi)
Habari za humu wakuu. Niko mwaka wa mwisho wa sanaa, zimebaki wiki sita nifanye maonyesho ya kuhitimu. Nachora nguo zilizoanikwa kambani: mashati ya marehemu baba, mashuka, soksi zilizopoteza wenzake. Picha ziko 17. 11 za rangi ya mafuta, 6 za mkaa.

Mwezi huu nimetembelewa studio mara nne. Msimamizi wangu anataka rangi ziwe kali zaidi. Msanii aliyealikwa na chuo kasema niachane na rangi kabisa, nibaki na mkaa. Mwenzangu wa darasani kasema zote nzuri. Wa nne alisimama kimya kama dakika kumi, akauliza, "Kwa nini kamba inakatikia ukingoni mwa kila picha?" Akaaga.

Jana usiku nikajaribu kumridhisha msimamizi, nikapaka nyekundu juu ya shati la baba, picha niliyoipenda kuliko zote. Imekuwa tope. Imeniuma sana. Nimsikilize nani? Na ziara zilizobaki nizitumieje? Nawasilisha.

Brashi_Pana
Pole sana mdogo wangu. Tuanze na shati. Kama tabaka la zamani lilikuwa limekauka vizuri na hiyo nyekundu bado mbichi, ikwangue taratibu kwa kisu cha rangi, kisha pangusa kwa kitambaa safi. Fanya leo, usingoje kesho.

Halafu jiwekee mwiko: siku uliyopewa maoni hugusi turubai. Andika maneno ya mgeni kama alivyoyasema, lala nayo.

Nikuulize, wakiingia huwa unawauliza nini?

Kamba_na_Mkaa
Nimekwangua, mkuu. Shati limerudi, kola tu imebaki na wekundu kidogo. Asante mno. Huwa nawauliza, "Unaonaje?"

Brashi_Pana
Hapo ndipo penye shida. Ukimuuliza mtu anaonaje, atakupa anachopenda yeye. Muulize jicho lake limeanzia wapi, limekwama wapi, na picha ipi asingegundua kama ungeiondoa. Kisha nyamaza. Usijitetee, hata akikosea. Akikosea namna ileile na mwenzake, tatizo liko ukutani.

Ukuta_Mweupe
Kuna mtunzi wa dansi wa Marekani, Liz Lerman, ambaye mwaka 1990 alianzisha utaratibu wa hatua nne wa kupokea maoni. Kwanza watazamaji wanasema kilichowagusa. Pili msanii anauliza maswali yake. Tatu watazamaji wanauliza, lakini bila kuficha hukumu ndani ya swali. Mwisho ndiyo wanatoa maoni, tena kwa kuomba ruhusa: "Nina maoni kuhusu rangi, ungependa kuyasikia?" Vyuo vya sanaa hata vya uchoraji vinautumia. Mgeni wako wa nne alikuwa hatua ya tatu bila kujijua, na kwangu mimi huyo ndiye aliyekusaidia kuliko wote.

Mama_Turubai
Msimamizi na yule msanii msiwatupe. Tiba zao zinapingana, lakini wote wameweka kidole kwenye kidonda kimoja: rangi. Mwanangu, rangi zako zinasema nini ambacho mkaa hausemi? Jibu hilo kwanza, wewe mwenyewe, kwa sentensi moja.

Na ziara zisizidi. Wiki mbili za mwisho funga mlango, ufanye kazi.

Ukuta_Mweupe
Naongezea kuhusu kamba. Kawaida tunatundika katikati ya picha iwe kama sm 150 kutoka sakafuni. Kwako iache kanuni hiyo. Pima kwa kamba: kila picha kamba yake iwe kimo kimoja, hata fremu zikipanda na kushuka. Jaribu kwanza kwa karatasi, kata kila picha kwa kipimo cha 1:10, upange kwenye kadibodi.

Kamba_na_Mkaa
Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Nimepanga karatasi kama mlivyosema. Kamba ilipoungana ukuta mzima nilikaa chini, nikalia kidogo. Ni uwanja wa nyumbani kwetu kabisa.

Mama, jibu nimelipata: rangi ni nguo za walio hai, mkaa ni nguo za baba. Kwa hiyo shati nalirudia kwa mkaa. Jumla zimebaki 9. Leo nilimwita yule mwenzangu wa darasani, nikamuuliza jicho limekwama wapi. Akaonyesha pengo kati ya ya tano na ya sita, akasema, "Hapa kuna mtu hayupo." Sijamweleza chochote bado.

Ila kuna moja ya mashuka, kamba yake imelegea katikati, haikai sawa na nyingine. Niitoe?

Mama_Turubai
Usiitoe. Iweke ya mwisho, karibu na mlango.