Nimeweka SPF, DKIM na DMARC, sasa barua pepe hazifiki kabisa

BintiJambiani

Wakuu habari zenu. Naomba msaada, na niseme ukweli, nina wasiwasi.

Naendesha nyumba ya wageni ya vyumba sita Jambiani, Unguja. Barua pepe ziko Google Workspace, tovuti ni WordPress kwenye kampuni moja ya hostingi. Mgeni akijaza fomu ya kuweka chumba, tovuti inamtumia uthibitisho papo hapo kutoka booking@. Zamani zilikuwa zinaangukia spamu, nikaambiwa "weka rekodi", nikanakili za mtandaoni: SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako), DKIM (saini ya kidijitali kwenye barua) na DMARC (agizo la nini kifanyike barua isipothibitika). Tangu siku hiyo mambo yameharibika zaidi. Juzi wazee wawili wa Hamburg walinipigia WhatsApp, wameshalipa malipo ya awali, wakaniuliza kwa upole kabisa kama wametapeliwa. Iliniuma sana. Nilipofuatilia nikakuta wageni wengine wanne nao hawakupata kitu.

Rekodi zangu (jina la kikoa nimebadilisha):

```
nyumbayetu.example  TXT  "v=spf1 a mx ~all"
nyumbayetu.example  TXT  "v=spf1 include:_spf.google.com ~all"
google._domainkey.nyumbayetu.example  TXT  "v=DKIM1; k=rsa; p=MIIB..."
_dmarc  TXT  "v=DMARC1; p=reject"
```

Nikiandika mwenyewe kwa mtu wa Gmail, inarudi na 550-5.7.26, kosa la barua isiyothibitika. Za tovuti hazifiki wala hazirudi.

FundiMitambo

Pole dada. Kwanza kabisa, hata kabla hujamaliza kusoma, badilisha p=reject iwe p=none. Hiyo reject inaziambia seva za dunia nzima zikatae barua yoyote ya jina lako isiyothibitika, na kwa sasa hakuna inayothibitika, hata zako halali. Kila mara naona watu wanainakili bila kuelezwa inafanya nini, na wanaoumia ni wenye biashara ndogo.

Weka hivi:

```
v=DMARC1; p=none; rua=mailto:ripoti@nyumbayetu.example
```

Hiyo rua ni anwani ya kupokelea ripoti za nani anatuma kwa jina lako. Halafu SPF. Kikoa kinaruhusiwa rekodi moja tu ya SPF. Zikiwa mbili, mpokeaji hachagui iliyo nzuri, anasoma "permerror" (kosa la rekodi yenyewe) na zote zinakufa. Ziunganishe. Hiyo mx (seva zinazopokea barua zako) itoe, maana barua zinapokelewa na Google na include imeshawataja:

```
v=spf1 a include:_spf.google.com ~all
```

DKIM nadhani imekosewa jina. Paneli nyingi za hostingi hujiongezea kikoa mwishoni, kwa hiyo ukiandika jina zima linakuwa google._domainkey.nyumbayetu.example.nyumbayetu.example. Andika google._domainkey peke yake, kisha hakiki:

```
nslookup -type=TXT google._domainkey.nyumbayetu.example
```

Ukiona ufunguo umerudi, ingia Admin ya Google ubonyeze kitufe cha kuanza kusaini. Rekodi bila kitufe hicho haifanyi kazi, na wengi wanaishia hapo.

Subiri saa moja au zaidi kutegemea TTL (muda ambao rekodi ya zamani hukumbukwa), jitumie barua ya fomu kwenye Gmail yako binafsi, fungua nukta tatu, tazama barua asili, utuletee mistari ya matokeo.

BintiJambiani

Ahsante kaka. Jina lilikuwa limejirudia kama ulivyosema! Za Workspace sasa zinapita zote tatu. Ya fomu imefika, ila imeanguka spamu:

```
spf=pass smtp.mailfrom=seva17.hostingi.example
dkim=none
dmarc=fail (p=NONE) header.from=nyumbayetu.example
```

Hapa ndipo sielewi. SPF imepita, mbona DMARC imegoma?

Mzee_wa_Posta

Binti yangu, barua pepe ni kama bahasha yenye barua ndani. SPF inakagua anwani iliyo juu ya bahasha, na tovuti yako imeandika jina la seva ya hostingi. Mgeni yeye anasoma jina lililo kwenye barua, booking@ yako. DMARC inataka SPF au DKIM ipite kwa jina lilelile analoliona mgeni. Hapo SPF imempitisha mwenye seva, hujapitishwa wewe.

Na ndiyo maana hukuona kitu kikirudi. Barua iliyokataliwa hurudi kwa anwani ya bahasha, yaani kwenye sanduku la seva ambalo hakuna anayelifungua.

Dawa ni tovuti isitume yenyewe. Weka plagini ya SMTP (njia ya kutuma barua kupitia seva nyingine) kwenye WordPress, ielekeze smtp.gmail.com, mlango 587, kwa akaunti ya booking@ na nenosiri la programu (washa kwanza uthibitisho wa hatua mbili). Google itatuma na kusaini kwa jina lako.

FundiMitambo

Naunga mkono. Ikishakaa sawa, ondoa na ile "a" (inayoruhusu seva ya tovuti) kwenye SPF. Soma ripoti za rua wiki tatu nne ukiona ni zako tu ndizo zinazotuma, ndipo upande quarantine (zisizothibitika ziende spamu). Reject baadaye.

BintiJambiani

Nimefanya usiku huu, fomu sasa inasoma pass, pass, pass, na imeingia kikasha kikuu. Uthibitisho wa wageni wote sita nimeutuma upya. Wazee wa Hamburg wameshajibu, wanauliza maji yanakupwa saa ngapi.