Darasani wanafaulu, wodini wanaganda: azimio la kazi nilipangeje?

Mkufunzi_Mwaka1:
Wakuu, habari za kazi. Nafundisha misingi ya uuguzi mwaka wa kwanza. Darasa limekuwa kubwa kuliko uwezo wa maabara ya stadi, sanamu za kufundishia ni chache, na mtaala umejaa mada ambazo zote eti ni za lazima.

Kinachoniumiza ni hiki. Mwanafunzi anakutajia dalili zote za mgonjwa anayezidiwa, na mtihani anaupasua. Mpeleke wodini: anapima presha, anahesabu mapigo, anahesabu pumzi, anajaza chati, anasogea kitanda kinachofuata. Juzi mmoja ameandika upumuaji 28 kwa dakika, amehesabu sawasawa kabisa na pumzi hizo ni nyingi mno, lakini hakumwambia mtu yeyote. Si mvivu huyu, ni kati ya wanafunzi wangu wazuri.

Nipunguze mihadhara? Niongeze mazoezi ya kuigiza? Muhula unaanza karibuni na bado nakodolea macho azimio la kazi lile lile la mwaka jana.

Mwalimu_Mkongwe:
Mwalimu mwenzangu, pole. Tatizo umeliona mahali pake, wengi tunaishia kulaumu wanafunzi.

Mwaka 1990 George Miller alipanga ngazi nne za kupima umahiri: kujua, kujua namna, kuonyesha namna, na kutenda. Mtihani wako unapima ya kwanza, ukijitahidi ya pili. Wodi inadai ya nne. Huyo kijana hajawahi kudaiwa na mtu yeyote kwamba baada ya kuandika 28 kuna jambo la kufanya.

Kwa hiyo usianze na orodha ya mada. Anza kitandani, urudi nyuma. Chukua andalio lako la somo la vipimo vya msingi. Nina hakika lengo limeandikwa "mwanafunzi aweze kueleza viwango vya kawaida". Lifute. Andika: "akikuta mgonjwa anapumua mara 28, aseme anamwita nani, anamwambia nini, na anafanya nini wakati anasubiri." Kisha tunga namna ya kulipima lengo hilo. Maelezo ya darasani yaje mwisho, na utashangaa ni machache kiasi gani yanahitajika. Wape na sababu ya kujali hiyo namba: kwenye NEWS, mfumo wa alama wa kumtambua mapema mgonjwa anayezidiwa, uliotolewa Uingereza mwaka 2012, upumuaji wa 25 na kuendelea peke yake unabeba alama 3, ya juu kabisa kwa kipimo kimoja.

Kuhusu sanamu chache, ziachie kanula, katheta na ufufuaji. Kuripoti mgonjwa hakuhitaji sanamu. Wagawe watatu watatu: mmoja mgonjwa, mmoja muuguzi, mmoja anaangalia akiwa na orodha mkononi. Muuguzi atoke nje akupigie simu, wewe ndiye daktari wa zamu. Mara ya kwanza utasikia "daktari, mgonjwa wa kitanda cha nne hali si nzuri", halafu kimya. Usimsaidie haraka. Uliza: unataka nifanye nini? Hapo ndipo mpangilio wa SBAR unapoingia akilini, yaani hali ilivyo, historia fupi, tathmini yako, ombi lako. Ukiufundisha ubaoni kabla hajakwama, anaukariri tu.

Mjadala baada ya zoezi uupe muda mrefu kuliko zoezi lenyewe. Wengi hapa watakutajia utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2014 uliokubali hadi nusu ya saa za wodini zifanywe kwa kuigiza. Ni kweli, lakini vyuo vile vilikuwa na wakufunzi walioandaliwa kwa kazi hiyo na mijadala iliyopangwa. Asije mtu akautumia kukata saa za wodini kwa sababu tu hana walimu.

Sista_wa_Zamu:
Mimi niko upande wa pili, ndiye ninayewapokea. Naomba niseme kwa uchungu kidogo: mnatuletea wanafunzi na daftari la kusainiwa, basi. Hatujui wamefundishwa nini wala wamekuja kujifunza nini wiki hiyo.

Mfano wa dripu. Mwanafunzi amepewa mililita 500 kwa saa 4. Akapiga hesabu kama alivyofundishwa, matone 20 kwa mililita, akapata matone 42 kwa dakika. Hesabu safi. Seti, yaani mrija wa dripu, tuliyokuwa nayo ilikuwa ya matone 15 kwa mililita, na imeandikwa kwenye pakiti, ila hakuwa ameambiwa kuwa pakiti husomwa. Ilitakiwa 31. Kwa 42 ile chupa ingeisha kama saa nzima kabla ya muda, na mgonjwa alikuwa mzee mwenye moyo dhaifu. Nilikuwa karibu, tukapunguza.

Kabla hujapanga muhula, njoo wodini asubuhi moja uone tunatumia vifaa gani. Na mwanafunzi aje na lengo moja la siku, nitamfundisha mwenyewe.

Mkufunzi_Mwaka1:
Sista, asante sana, hiyo ya seti sikuwahi kuifikiria. Mwalimu, nimeanza kuandika upya lengo la vipimo. Swali moja: muda wa hayo mazoezi nautoa wapi? Mada siwezi kufuta.

Mwalimu_Mkongwe:
Mada hufuti, unazipa uzito tofauti. Historia ya uuguzi, shule ya wauguzi ya Florence Nightingale ya 1860 na kadhalika, waisome wenyewe, wakuletee ukurasa mmoja. Nadharia za uuguzi usizifundishe zote mfululizo. Ingiza moja pale inapomhusu mgonjwa mnayemjadili. Hapo umeshapata vipindi kadhaa.

Hesabu za dawa usizipangie wiki moja zikaisha. Dakika 10 mwanzoni mwa kila kipindi, muhula mzima, pakiti halisi mezani. Mwombe Sista akutunzie pakiti tupu za seti, za 15 na za 20, na zile za watoto za 60. Zichanganye, kila mwanafunzi aokote moja bila kuchagua, asome, apige hesabu.

Sista_wa_Zamu:
Pakiti nitaanza kuziweka leo. Njoo na boksi.