Mrejesho: Barabara ya maramu inayokatwa na maji, Kisumu

Niliuliza hapa barabara yetu ni ya nani, yaani nani anapaswa kuitengeneza. Ni ya kaunti: haimo kati ya barabara za kitaifa, kama zile za daraja A na B ambazo ni za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za Kenya. Aliyesema niombe rekodi za matengenezo kwa maandishi alinisaidia sana. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa kaunti siku 21 kujibu, kwa hiyo hakikisheni nakala yenu ya ombi imepigwa muhuri na tarehe.

Kumbe tatizo si maramu. Kalvati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, ni ya milimita 300, imelazwa karibu bapa, mchanga unatulia ndani, maji yanapanda juu na kuibeba barabara. Ombi letu jipya kwa kaunti linataka kalvati ya milimita 600, yenye mteremko, na kuta za zege kwenye midomo yote miwili. Kumwaga maramu kwanza ni kulisha mtaro.