Kipimo cha sumaku kabla ya upasuaji wa uvimbe wa ubongo: kinamwonyesha nini daktari?

Mwulizaji
Habari zenu, ndugu. Kaka yangu amegundulika kuwa na uvimbe upande wa kushoto wa ubongo, karibu na eneo linaloendesha mkono wa kulia. Amekwisha kupigwa picha ya MRI, na sasa daktari wake anataka ubongo uchochewe kwa sumaku kabla ya upasuaji. Kipimo hicho kinaonyesha nini ambacho picha haikuonyesha? Je, ni salama kwa mtu aliyewahi kupata degedege kutokana na uvimbe huo?

Mpasuaji wa Neva
Poleni sana, wewe na kaka yako. MRI huonyesha uvimbe ulipo, lakini haisemi kwa uhakika sehemu ipi ya ubongo inafanya kazi ipi, hasa pale uvimbe unaposukuma mikunjo ya ubongo ikahama mahali pake. Hata MRI inayofuatilia mtiririko wa damu mgonjwa anapochezesha vidole inaweza kupotosha, kwa kuwa uvimbe huvuruga mishipa ya damu iliyo jirani.

Katika kipimo cha sumaku, mbinu iliyoonyeshwa na Anthony Barker na wenzake mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1985, koili (waya uliozungushwa) huwekwa juu ya kichwa na kutoa mpigo mfupi wa sumaku unaozalisha umeme kidogo katika gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje. Mpigo ukiangukia eneo la mkono, msuli hushtuka, na elektrodi (vibandiko vya kupima umeme) zilizobandikwa kwenye ngozi hunasa mshtuko huo. Kwa kawaida mwitikio wa msuli huhesabiwa ukifikia mikrovolti 50, yaani sehemu 50 za milioni za volti moja. Kamera hufuatilia koili na kichwa, hivyo kila mpigo huonekana juu ya MRI ya mgonjwa mwenyewe. Alama hizo hutumiwa pia kuchora njia ya neva inayoshuka kuelekea uti wa mgongo, na kwa maoni yangu hapo ndipo kipimo kina manufaa makubwa zaidi, kwa sababu njia hiyo ikikatwa mkono hupooza hata kama gamba halikuguswa.

Mtaalamu wa Lugha na Usemi
Kwa kuwa uvimbe uko kushoto, ambako kwa watu wengi ndiko lugha iliko, huenda akapimwa usemi pia. Mgonjwa hutaja picha anazoonyeshwa huku mipigo ikitolewa mfululizo, na anapokwama au kukosea neno, mahali hapo huwekwa alama. Ramani ya lugha haina uhakika kama ile ya mkono: sehemu isiyoleta kosa huaminika zaidi kuwa haina kazi ya lugha kuliko iliyoleta kosa inavyoaminika kuwa nayo. Ndiyo maana daktari anaweza bado kutaka kumwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji na kugusa ubongo moja kwa moja kwa umeme, kipimo ambacho bado ndicho kigezo cha kulinganishia vingine.

Muuguzi wa Wagonjwa wa Ubongo
Kuhusu degedege: historia hiyo peke yake haimzuii, kwani wagonjwa wengi wa uvimbe wa ubongo wanaopimwa hivi wanayo, na mpigo mmoja mmoja hauna hatari kubwa. Hata hivyo, timu lazima iambiwe mara ya mwisho ilikuwa lini. Lazima iambiwe pia kama ana chuma kichwani, kifaa cha kusaidia kusikia kilichopandikizwa ndani ya sikio au betri ya moyo, kwa sababu hivyo vinaweza kumzuia kabisa. Dawa za degedege asiziache wala kuzibadilisha bila daktari wake: zinamkinga, na pia hubadilisha kiasi cha nguvu kinachohitajika ili msuli ushtuke, kwa hiyo wapimaji wanahitaji kujua anatumia zipi na kwa dozi gani.