Matishari ya Mafia: saruji inaganda njiani, na risiti inasema "kwa hasara ya mwenye mali"

Wadau, hili la mizigo ya kisiwani Mafia limevuka mpaka.

Wenye tishari (chombo bapa cha mizigo) wanang'oa nanga mzigo ukijaa, si maji yakifaa. Ufukwe wa Kilindoni, huko Mafia, ni bapa; maji yakipwa, mchanga unakauka mbali. Tishari linalopanda ufukweni na kushusha kwa mlango wa mbele lilitakiwa lifike maji yakiwa yanakua, tarehe 11 hadi 13 mwezi mwandamo, ili ya kesho yapite ya leo na lielee. Wao wanapanda tarehe 17, kwenye kilele cha bamvua (maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mchanga)! Kesho yake maji hayalifikii, keshokutwa ndiyo kabisa, na hapo linangoja bamvua ya mwezi mchanga, karibu wiki mbili. Halafu tunaambiwa bahari ilichafuka. Bahari gani? Jedwali la kupwa na kujaa hutoka la mwaka mzima.

Upakiaji ndiyo aibu yenyewe. Pipa la dizeli la lita 200 lina kilo 180 na ushee. Mapipa 50 ni tani tisa. Wanayarundika omo (mbele), kwa kuwa ni karibu na mlango. Omo likilemewa, tishari linagusa chini mapema, mlango unafunguka kwenye maji ya kiuno, na wachukuzi wanavuka na mifuko kichwani. Mzigo mzito hukaa tezi (nyuma). Tena mapipa wanayalaza: yanabingirika, vizibo vinavuja, unga wa watu unanuka dizeli (uanike hata wiki, harufu haitoki). Yasimamishwe, vizibo juu, yafungwe manne manne.

Saruji nayo inalazwa juu ya chuma kitupu. Upepo wa kusi wa Julai unarusha maji sitahani, yanatambaa chini ya turubai, safu za chini zinageuka mawe. Weka mbao za inchi nne chini, nailoni nene ipande pande zote, turubai juu, na kamba zikazwe tena mzigo ukishatulia. Kazi ya nusu saa hiyo!

Nanyi wenye matishari, kwenye kutoza nauli mnahesabu mfuko mmoja mmoja, 20 kwa tani, bila kukosea. Kwenye kushusha mnahesabu mirundo. Sasa mifuko ihesabiwe mlangoni mwa tishari, mwenye mali akiwepo, na iliyoganda iandikwe kwenye hati kabla mchukuzi hajaigusa. Bila hivyo nauli iliyobaki hailipwi.