Watoto wangu wanachujana uani kwa biskuti kama kwenye Total Drama Island. Niizuie katuni hii?

ShangaziRaskazone aliandika:

Habari zenu wakuu. Likizo hii nina watoto wengi nyumbani hapa Tanga: wangu wawili, wa kaka yangu wawili, na wa jirani ambao nao ni kama wangu. Mkubwa ana miaka 12, mdogo ana 6. Binti mkubwa aliazimwa flashi na rafiki yake, ndani yake kuna msimu mzima wa katuni ya Total Drama Island. Kila wakimaliza chakula cha mchana wanajipanga mbele ya televisheni. Sikuwa na wasiwasi. Nilipopita niliona vijana wa kuchora wako kambini kando ya ziwa, wanaruka majini, wanakula vitu vya kutapisha, wanagombana. Nikaona ni katuni kama katuni nyingine.

Juzi jioni nikatoka jikoni nikakuta wamekaa duara uani. Binti mkubwa ameshika sahani ya biskuti, anaita jina moja moja, na anayeitwa anainuka kuchukua yake. Ikabaki biskuti moja na watoto wawili hawajaitwa. Akanyamaza kimya kirefu kwa makusudi, anamtazama huyu, anamtazama yule, kisha akaitoa kwa yule mwingine, mdogo akakosa. Mdogo akaambiwa atembee juu ya ule ubao tunaokanyaga mvua ikinyesha, atoke getini, na haruhusiwi kurudi "milele". Akalia mpaka akalala na kwikwi.

Kilichoniumiza zaidi ni kwamba hakuna aliyekuwa amemkasirikia. Nilipowauliza kwa nini mmemtoa, wakaniambia lazima mtu atoke, na yeye ndiye alipata kura nyingi. Basi. Kama vile hakuna mtu aliyefanya kitu.

Mume wangu anasema nifute kila kitu kwenye hiyo flashi. Nimesoma mahali kwamba katuni hii inayakejeli mashindano ya televisheni, haiyasifu. Kama ni kejeli, mbona watoto wamejifunza kilekile inachokikejeli? Naomba ushauri kwa anayeijua vizuri.

BabaPacha_Nakuru alijibu:

Pole sana dada. Mimi ningefuta. Mtoto wa miaka 6 hajui kejeli, anaona kinachotendeka na anakitenda. Wangu waliiona ilipokuwa ikionyeshwa Cartoon Network, wakaanza kuitana majina ya wale washiriki na kumdharau mmoja wao kila siku. Tukabadilisha stesheni, yakaisha.

MezaYaUhariri alijibu:

Dada yangu, pole na mpe pole huyo mdogo. Nitaandika kwa urefu kidogo, maana jambo hili linagusa kazi yangu. Mimi ni mhariri wa video hapa Dar, na kwa misimu kadhaa nilikaa kwenye chumba cha uhariri cha shindano moja la vipaji ambalo sitalitaja. Kwa sababu hiyo naipenda katuni hii kwa dhati, na nakuomba usiifute kabla hujakaa nao mkaiangalia pamoja.

Kwanza ujue ilikotoka. Ilitengenezwa Kanada na kampuni ya Fresh TV, waanzilishi wake ni Jennifer Pertsch na Tom McGillis, ikaanza kuonyeshwa kule kwenye kituo cha Teletoon Julai 2007. Miaka saba kabla yake Marekani ilikuwa imeanza kurusha Survivor: watu 16 kwenye kisiwa kidogo karibu na Borneo kwa siku 39, wanatoana kwa kura, wa mwisho anachukua dola milioni moja. Baada ya hapo dunia nzima ikajaa vipindi vya namna hiyo, na sisi hatukubaki nyuma. Mwaka 2003 Big Brother Africa ilipoanza, vijiwe vya Dar havikuwa na habari nyingine ila Mwisho Mwampamba, na 2014 Idris Sultan akarudi nyumbani na ushindi wa dola 300,000. Watoto wetu wamezaliwa wakati watu wazima nyumbani tayari wanakaa kungoja nani ataaga mashindano. Ule mchujo wa uani kwako umetangulia hiyo flashi.

Sasa angalia katuni inafanya nini na mchezo huo. Vijana 22 wamejiandikisha wakidhani wanakwenda mahali pazuri. Wanashushwa kwenye kambi chakavu ya Wawanakwa. Mwendesha kipindi, Chris McLean, amejipamba, meno yanang'aa, nywele hazipepei hata kwa upepo, na kila anayeumia yeye anatabasamu kwenye kamera. Jaribio la kwanza kabisa ni kuruka kutoka mwamba wa futi 1,000 kuingia ziwani, na ziwani wamo papa. Chakula anapika Chef Hatchet, jitu lenye sauti ya kijeshi, na chakula chenyewe kinasogea sahanini. Mtoto anacheka hapo, na acheke. Lakini katika kila jaribio aliyepanga hatari anaonekana. Kamera haimfichi Chris. Kwenye vipindi halisi mtu huyo huwa amesimama pembeni na suti yake, anasikitika pamoja na washiriki, na mtazamaji anabaki akidhani ubaya wote umetoka kwa yule mshiriki "mwenye roho mbaya".

Nikueleze jinsi mshiriki mwenye roho mbaya anavyotengenezwa. Unachukua saa nyingi za kurekodi, unazishusha kuwa dakika arobaini. Mshiriki mmoja analia jukwaani. Unahitaji uso wa kuweka baada ya chozi lile. Kwenye shindano nililokuwa nikihariri kulikuwa na dada mmoja mpole sana, aliyecheka mchana wakati wa kula kwa sababu mwenzake aliangusha kijiko. Kicheko hicho kiliwekwa baada ya chozi la mtu mwingine, la usiku, siku nyingine. Muziki ukashushwa kidogo. Wiki iliyofuata kura zake zikaporomoka, na mitandaoni watu wakamtukana yeye na mama yake. Sauti nayo hukatwa hivyo hivyo: nusu ya sentensi ya Jumatatu inaunganishwa na nusu ya Alhamisi, kamera inaonyesha kisogo ili midomo isionekane. Huyo dada hakuwahi kupata nafasi ya kueleza.

Total Drama Island inawapa watoto kitu ambacho watazamaji wa dada yule hawakupewa. Kuna choo cha nje kimewekwa kamera ndani, mshiriki anajifungia humo na kusema ya moyoni. Heather anawakumbatia Lindsay na Beth huku nje, akiingia chooni anasema wazi kwamba anawatumia tu. Mtoto anaona nyuso zote mbili za mtu yuleyule ndani ya dakika moja. Kisha anaona matokeo: Beth anajitoa kwenye kikundi, na Lindsay, ambaye wote walimdhani mjinga, akigundua kwamba hakuwahi kuwa rafiki bali daraja, anamwambia Heather ukweli wote mbele ya wenzake hadi maneno yanafunikwa kwa mlio. Hata kura zenyewe haziachwi safi. Courtney anatolewa kwa sababu Harold amechezea karatasi ili alipize kisasi kwa Duncan. Courtney anaondoka akipiga kelele kwamba haiwezekani, na ana haki kabisa, lakini boti inamchukua. Binti yako wa miaka 12 akiambiwa "ndiye aliyepata kura nyingi", mkumbushe Courtney. Muulize kura zilihesabiwa na nani.

Na kuna jambo moja nadhani ndilo kubwa kuliko yote kwenye katuni hiyo. Fainali ni kati ya Gwen na Owen, kwa dola 100,000. Watengenezaji walichora miisho miwili. Kanada na Marekani waliona Owen akishinda, katika baadhi ya nchi nyingine watu walimwona Gwen. Misimu iliyofuata wakafanya hivyo tena, Duncan na Beth, halafu Heather na Alejandro. Mshindi aliamuliwa mezani, na nchi unayokaa ndiyo iliyoamua nani umshangilie. Ukiwapa watoto habari hiyo, uwape na muda wa kubishana. Wataelewa kazi yangu vizuri kuliko nilivyoieleza hapa.

Sisemi kila kitu ndani yake kinanifurahisha. Leshawna amepewa ule mdomo na ubishi ambao wachoraji wa Amerika Kaskazini wamezoea kumvalisha kila msichana mweusi, na unene wa Owen umefanywa kichekesho mara nyingi mno. Hayo nawaambia watoto wangu waziwazi tukiangalia. Na katika misimu ya baadaye kejeli inachoka, maumivu yanabaki kuwa maumivu tu. Ila msimu wa kwanza ni kazi ya watu waliokijua kile walichokuwa wakikichambua.

PwaniHadiOntario alijibu:

Asalaam aleikum dada. Mimi ni wa Pangani, sasa naishi Ontario, Kanada, na nina la kuongeza kuhusu ile sahani ya biskuti.

Kambi ile imewekwa Muskoka, kaskazini mwa Toronto. Ni nchi ya maziwa na misitu ya misonobari. Shule zikifungwa Julai na Agosti, wazazi wanaoweza huwapeleka watoto kambi za namna ile: vibanda vya mbao, mitumbwi, gati la kurukia majini, usiku moto mkubwa. Kwenye moto huo watoto huchoma mashimelo, peremende nyeupe laini, kwenye vijiti. Wanangu wawili wamewahi kwenda, wakarudi na nguo zinanuka moshi na nyimbo ambazo sikuweza kuzielewa. Kwa mtoto wa huku mashimelo ya motoni ni dalili kwamba uko na wenzako na wewe ni mmoja wao. Kila mtu anapata. Hakuna anayehesabu.

Katuni imechukua kitu hichohicho ikakigeuza karata ya kura. Asiyepewa mashimelo anatembea kwenye gati la aibu na kupanda boti ya walioshindwa. Wazazi wa Kanada wakiiona mara ya kwanza wanashtuka, kwa sababu wanajua kilichoharibiwa. Watoto wako hawakukulia kwenye kambi ile, hawana cha kulinganisha, kwa hiyo wameona utaratibu peke yake. Binti yako ametafuta kitu cha kufanana nacho akapata biskuti za jioni, ambazo nina hakika kwako kila mtoto hupewa yake bila kuulizwa. Mwambie hivyo. Mwambie kule kwa wenyewe mashimelo hayachujwi.

BabaPacha_Nakuru aliandika:

Nimesoma, nimewaelewa. Lakini nauliza, mkuu MezaYaUhariri, huyo wa miaka 6 atayaelewa yote haya ya uhariri? Nabaki pale pale kwa upande wake.

MezaYaUhariri alijibu:

Hapo nakubaliana nawe kabisa kaka. Wa miaka 6 asiangalie. Kejeli inataka uwe umeshaona kinachokejeliwa, na yeye bado. Nilikuwa nawazungumzia wakubwa.

ShangaziRaskazone aliandika:

Ahsanteni sana, Mungu awabariki. Nimemsomea mume wangu majibu yote. Tumekubaliana mdogo awe na mimi jikoni au kwa bibi wakati huo, wakubwa tuangalie pamoja sebuleni.

Leo mchana nimemuuliza binti mkubwa kwa nini alinyamaza muda mrefu vile kabla ya biskuti ya mwisho. Akasema, "Shangazi, ukitoa haraka hainogi." Nikamuuliza inamnogea nani. Akafikiri, akasema inawanogea waliokwisha kupata. Sikuongeza neno. Baadaye nikamwona amempelekea mdogo wake biskuti mbili, sijui kama ni kwa sababu hiyo.

Swali la mwisho kwa mhariri: kati ya vipande hivyo vyote, kuna cha kuruka? Nimeona kimoja wanazikwa mchangani nikapata hofu.

MezaYaUhariri alijibu:

Hicho ni kile ambacho kila mmoja anakabiliwa na hofu yake. Gwen anazikwa akiwa na redio ya mawasiliano, Trent ameahidi kukaa juu yake, halafu anakimbizwa na jambo jingine na Gwen anabaki chini peke yake. Kwa wa miaka 12 usikiruke, ila kaa karibu. Binti yako atataka kujua kwa nini Trent aliondoka na kwa nini watayarishaji waliokuwa na kamera hawakumfukua, na hilo la pili ndilo ungependa aulize. Ningeruka kile cha mashindano ya kula, wavulana kwa wasichana, kwa sababu watoto wako hukaa mbele ya televisheni wakiwa wametoka tu kula chakula cha mchana.

Kile cha mashindano ya vipaji msikikose. Humo Heather anasoma shajara ya Gwen jukwaani mbele ya kila mtu na kamera zinaendelea kurekodi. Kisimamishe hapo, waulize nani angeweza kuzima kamera.