Majirani wa Mombasa: nani anakula nini kwenye karamu

ALHAMISI JIONI

Salim: Shikamooni wazee, na wengine habari za jioni. Orodha ya karamu ya Jumamosi ndiyo hii. Watu 60: Waislamu 26, Wakristo 16, Wahindi 18. Waislamu na Wakristo pilau ya mbuzi na pweza wa nazi, Wahindi wali na mboga. Mwenye kuona kosa aseme leo, kesho asubuhi naenda sokoni, Marikiti na Kongowea.

Bi Zuhura: Marahaba mwanangu. Kosa liko hapo kwa Wahindi 18. Umechanganya dini mbili na kabila moja. Mimi siwezi kuteleka sufuria kwa orodha hiyo.

Mwalimu Kazungu: Bi Zuhura amesema. Salim, Mhindi ni mwenye asili ya India. Anayefuata Uhindu ni Mhindu. Ni irabu moja tu inayotenganisha, lakini katika hao 18 wako Waislamu (kina Raza), Wakatoliki (kina Philomena), Masikh, Wajaini, na Wahindu nyumba mbili tu.

Salim: Mwalimu, si serikali yenyewe ilisema Wahindi ni kabila la 44?

Mwalimu Kazungu: Ilisema, Julai 2017, na hapo haikukosea. Iliwatambua Wakenya wenye asili ya Asia kuwa jamii mojawapo ya Kenya. Ni jamii. Haikusema wanaabudu nini.

Mwalimu Kazungu: Ukitatizwa na neno, jiulize mtu huingiaje humo na hutokaje. Mwislamu huingia kwa shahada, Mkristo kwa ubatizo, na mtu anaweza kutoka, hata kama nyumbani watamlilia. Ugiriama hauingiwi kwa kutamka maneno. Unazaliwa nao: ukoo, jina la babu, lugha. Mgiriama akisilimu leo, kesho bado ni Mgiriama. Tazameni Wamijikenda: makabila tisa, lugha zinasikilizana, ila Wadigo karibu wote ni Waislamu, na kwa Wagiriama utamkuta Mkristo, Mwislamu na anayeshika mila za kaya (misitu mitakatifu ya mababu), pengine katika boma moja.

Mama Kerubo: Na Mkisii si lazima awe Msabato. Hilo naulizwa kila mara. Wakatoliki ni wengi kwetu, na mimi ni mmoja wao.

Baba Mwakio: Msabato humu ndani ni mimi, Mtaita 🙂 Na hapo nina jambo, Salim. Kuanzia jua kutua Ijumaa mpaka jua kutua Jumamosi hatupiki, hatununui, hatuuzi. Karamu ikiwa Jumamosi mchana nyumba zetu tatu hazitashika hata mwiko.

Bi Zuhura: Basi iwe Jumapili. Mbuzi achinjwe Jumapili alfajiri, nyama iwe mbichi.

Mama Kerubo: Jumapili baada ya misa, sawa. Saa saba?

Hansaben: Nawaomba iwe saa kumi na moja jioni, isizidi hapo. Wajaini wanaoshika sana hawali jua likishatua, wala hawanywi chochote. Tukianza saa moja usiku mama mkwe na mashangazi watakaa kutazama wengine wakila.

Bi Zuhura: Saa kumi na moja ni nzuri pia kwa sababu wa Magharibi watakuwa wameshakula, waende kuswali bila haraka. Imepita.

Jaspal: Sat sri akal, majirani. Niongeze la nyama, kwa sababu hapa ndipo watu wema hukosea. Salim asingetuandika kwa Wahindi, angetuweka kwenye mbuzi, akidhani mbuzi wa halali anafaa kila asiyekula nguruwe. Kwa Sikh aliyepokea amrit, yaani aliyeingizwa rasmi katika dini, ni kinyume. Kanuni zetu zinakataza nyama iliyochinjwa kwa ibada, tunaiita kutha, na halali imo humo humo. Kwa hiyo tuhesabuni kwenye mboga, watu wanne.

Salim: Sikulijua hilo kabisa, Bwana Jaspal. Nilidhani Makalasinga hawali ng'ombe tu.

Jaspal: Kalasinga ni jina la mtaani, halinichomi, ila kwenye orodha andika Sikh. Ng'ombe Masikh wengi hawali kwa desturi, kutha ni kanuni. Ndiyo sababu chakula cha gurdwara (hekalu letu), kiitwacho langar, hupikwa bila nyama kabisa: Mwislamu, Mhindu, Mkristo na Sikh wakae chini mstari mmoja wale sahani moja. Msafiri wa barabara ya Nairobi aliyesimama Makindu anaijua, chakula ni bure kwa yeyote, na hekalu lile lilijengwa 1926.

Mwalimu Kazungu: Waeleze na habari ya Punjab, Jaspal, huo ndio mfano ulio wazi kuliko wote.

Jaspal: Haya. Reli ya Mombasa hadi Kisumu, 1896 hadi 1901, ililetewa wafanyakazi karibu 32,000 kutoka India, wengi wao Wapunjabi. Kabila moja, lugha moja, na dini tatu: Uislamu, Uhindu na Usikh. Mpunjabi Sikh huandika lugha yake kwa herufi za Gurmukhi, Mpunjabi Mwislamu wa Pakistani huandika maneno yale yale kwa herufi za asili ya Kiarabu. Mwaka 1947 mpaka wa India na Pakistani ulipochorwa, ulifuata dini na ukapasua kabila. Vijiji vilivyocheza ngoma moja vikakimbiana. Mtu anayesema dini na kabila ni kitu kimoja, nchi ile ilimwaga damu kwa mawazo ya namna hiyo.

Mama Neema: Naomba kuuliza bila ubaya. Sikh si Mhindu wa kilemba?

Jaspal: Hapana, mama. Guru Nanak alizaliwa 1469, akafundisha Mungu mmoja asiye na sanamu, na watu wote sawa bila matabaka. Tangu 1708 Guru wetu ni kitabu, Guru Granth Sahib.

Hansaben: Na Mjaini naye si Mhindu, ingawa wote tunazungumza Kigujarati na harusi zetu zinafanana. Sisi hatuzifuati Veda, maandiko ya Wahindu, wala hatuamini Mungu aliyeumba ulimwengu. Tunawaheshimu Tirthankara (walimu wakuu) 24, wa mwisho wao Mahavira. Msingi wa yote ni ahimsa, kutodhuru kiumbe. Chakula kinatoka hapo.

Bi Zuhura: Hansaben, nipe orodha kamili, nisije nikaharibu.

Hansaben: Visivyoingia kabisa: nyama, samaki, mayai, asali. Kisha kila kinachong'olewa ardhini: kitunguu maji, kitunguu saumu, viazi mbatata, viazi vitamu, muhogo, karoti, tangawizi mbichi. Ukiving'oa mmea wote unakufa, pamoja na vijidudu vilivyoko kwenye mzizi. Karanga zinakubalika kwa sababu ni mbegu. Tangawizi kavu na manjano ya unga zinakubalika pia, kwa kuwa zimeshakauka. Mahali pa kitunguu weka mvuje (kiungo cha utomvu mkavu wenye harufu kali), robo kijiko cha chai kwa kilo ya dengu, kwenye mafuta ya moto, kabla ya bizari. Mahali pa viazi weka ndizi mbichi.

Hansaben: Wahindu wa ghorofa ya pili ni wa madhehebu ya Swaminarayan, nao hawali nyama, mayai, kitunguu wala saumu, ila viazi wanakula. Siku ya mfungo ya Ekadashi, inayoangukia mara mbili kwa mwezi, wengi hawagusi nafaka wala kunde. Nimetazama kalenda, Jumapili hii siyo. Wahindu wa nyumba ile nyingine ni Wapunjabi, wao wanakula kuku na mbuzi. Ng'ombe hawali.

Bi Zuhura: Unaona, Salim? Wahindu kwa Wahindu, jengo moja, sufuria mbili.

Raza: Salaam alaykum. Na Waislamu kwa Waislamu. Bi Zuhura, pweza wako najua ni mtamu, lakini Shia Ithnaasheri hawali pweza, ngisi, kaa, wala samaki asiye na magamba, hata papa. Kamba wadogo wanaruhusiwa. Kwa Sunni wa madhehebu ya Shafii, kama wenyeji wengi wa pwani, vyote vya baharini ni halali.

Baba Mwakio: Wasabato nasi hivyo hivyo, kutoka Mambo ya Walawi sura ya 11: awe na mapezi na magamba. Hata kamba hatuli.

Bi Zuhura: Basi pweza abaki baharini. Nitapaka changu, ana magamba kila mtu anayaona.

Mama Neema: Raza, nyinyi ni Maismaili?

Raza: Hapana, ila swali ni zuri. Sisi ni Makhoja, na hilo ni jina la jamii. Mababu walikuwa Wahindu wa upande wa Sindh, Kachi na Gujarati, wengi wa tabaka la Walohana, wakasilimu. Baadaye jamii ikagawanyika katika imani, mpaka kesi ikafika Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 1866. Leo Khoja Ismaili anafuata Imamu aliye hai, Aga Khan, ambaye tangu Februari 2025 ni Rahim, wa 50. Khoja Ithnaasheri anaamini Maimamu 12, wa mwisho yuko ghaibuni. Wapo Makhoja wachache Sunni. Kikachi ni kile kile, mahari yanazungumzwa vile vile, msikiti mbalimbali.

Philomena: Sisi Wagoa tuandikeni kwenye mbuzi na samaki. Wareno waliiteka Goa 1510, ndiyo maana majina yetu ni ya Kireno na kanisa letu ni la Roma, lakini asili ni India. Wagoa Wahindu wako tele kule Goa, msije mkadhani kila Mgoa ni Mkatoliki.

IJUMAA ASUBUHI

Salim: Asubuhi njema. Nimefikiria njia ya mkato: majina. Singh mboga, Patel mboga, de Souza nyama.

Jaspal: Usifanye hivyo. Wanaume Masikh wengi wana Singh, lakini Wahindu wa jamii ya Rajput nao wanaitumia, na wao wengine wanakula nyama.

Raza: Na kuna Mapatel Waislamu, kutoka Bharuch. Utampelekea mtu dengu na hajakataa pilau.

Mwalimu Kazungu: Jina ni la ukoo, na ukoo uko upande wa kabila. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa Rais wa Kenya, baba yake Mgoa, mama yake Mmaasai. Kwa jina lake ungempikia nini?

Mama Neema: Mwalimu, kijana wangu ananisoma begani, anauliza: Mwarabu naye si dini?

Mwalimu Kazungu: Mwambie hapana. Nchi yenye Waislamu wengi sana ni Indonesia, na si Waarabu. Waarabu ni kama mmoja kati ya Waislamu watano. Na wako Waarabu Wakristo: Lebanon, kwa makubaliano ya 1943, Rais huwa Mkristo wa Maroni na Waziri Mkuu Mwislamu Sunni.

Mama Neema: Na Wayahudi?

Mwalimu Kazungu: Hapo ndipo penye uzito, na sitaki kumrahisishia mtoto. Zipo jamii ambazo dini na ukoo vimesukwa ukili mmoja. Kwa sheria ya Kiyahudi ya zamani, aliyezaliwa na mama Myahudi ni Myahudi hata asiposwali. Lakini mlango wa kuingia kwa imani upo pia. Uganda, karibu na Mbale, wako Abayudaya: Semei Kakungulu, jemadari Mganda, alishika sheria ya Musa pamoja na watu wake mwaka 1919. Kwa ukoo ni watu wa Uganda, kwa dini ni Wayahudi. Waparsi wako upande wa pili kabisa. Dini yao ni ya Zarathustra, asili yao Uajemi, wakahamia Gujarati, na kwa desturi hawapokei anayetaka kuingia. Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja 1946, alikuwa Mparsi.

Mwalimu Kazungu: Tanzania iliacha kuuliza dini na kabila kwenye sensa baada ya ile ya 1967. Kenya bado inauliza yote mawili, kwa maswali mawili. Kwa karamu, Salim, huhitaji hata moja.

Salim: Niulize nini basi?

Bi Zuhura: Kila mlango maswali matatu. Unakula nyama ya halali? Unakula samaki? Unakula kitunguu na vya mizizi? Andika namba tu.

IJUMAA JIONI

Salim: Nimepita milango yote. Nyama 34. Bila nyama 26, na katika hao bila kitunguu na mizizi ni 13.

Bi Zuhura: Kazi njema. Basi mboga zote zitakuwa bila kitunguu na bila mizizi, sufuria moja, tusigawe jiko kwa watu 13. Hesabu: mchele gramu 120 kwa mtu. Pilau ya mbuzi kilo 4 za mchele na kilo 4 za nyama. Ya mboga usipige kwa watu 26, piga kwa 35. Siku zote wala nyama huonja mboga, na wa mboga hawana pa kwenda kuonja, wanabaki na ukoko. Kwa hiyo mchele kilo 4 na robo, dengu kavu kilo 2, ndizi mbichi 40. Changu kilo 6.

Bi Zuhura: Rangi ya pilau hutoka kwenye kitunguu kilichokaangwa, basi hii ya mboga itatoka nyeupe. Msishangae na msiongeze vidonge vya supu kuipa ladha, vingi vina mafuta ya kuku au ng'ombe. Bizari nzima, mdalasini, iliki na karafuu zinatosha.

Hansaben: Na sambusa, tafadhali. Za nyama na za dengu zisipite kwenye mafuta mamoja. Mboga ikikaangwa humo imeshakuwa nyama kwetu.

Bi Zuhura: Za dengu kwanza, karai safi. Za nyama karai lingine. Na jeli uliyoandika, Salim, ifute. Jelatini hutoka kwenye mifupa na ngozi ya ng'ombe au nguruwe, hakuna hata moja inayofaa nyumba zote humu ndani. Leta embe na mapapai.

Raza: Mchinjaji nitamleta mimi, Jumapili baada ya Alfajiri. Atamwelekeza mbuzi kibla, ataja jina la Mwenyezi Mungu, damu itoke yote. Hapo Sunni na Shia wote wameridhika.

Jaspal: Upande wa mboga ukae mbali na pale pa kuchinjia, na maji ya kuoshea yasitiririkie huko.

Bi Zuhura: Mboga tunapika uwani nyuma, nyama mbele ya geti. Miko ya mboga nitaifunga kitambaa cha kijani, asiichukue mtu. Shida ni sufuria: zangu zote kubwa zimeshapika nyama.

Hansaben: Sufuria nitaleta mimi, mbili za lita 20, na miko yake na karai. Sina jiko la kutosha tu.

Baba Mwakio: Jiko la gesi ninalo, la mafiga mawili. Jumamosi jua likitua nalishusha chini.